Majina Mengi ya Muziki wa Klabu Yana Kazi Yake

Lalamiko ni lilelile kila mwaka: muziki wa klabu umekatwakatwa mno. House, deep house, tech house, acid house. Techno, halafu minimal techno, dub techno, hard techno. Jungle na drum and bass, ambazo sikio geni halizitofautishi. Wanaolalamika wanasema ngoma ni ngoma, mtu acheze kinachomgusa, na kwamba orodha hii ndefu ni silaha ya wajuaji wanaopenda kuwatia wengine unyonge. Wajuaji wa aina hiyo wapo kweli. Lakini lalamiko linapita mbali na kazi ambayo majina haya yamefanya, hasa kwa watu ambao sifa yao ingekwenda kwa wengine.

Kazi ya kwanza ni ya kiufundi. House huenda kwa mapigo kama 120 hadi 130 kwa dakika, dubstep hukaa kwenye 140, drum and bass hupanda 170 na zaidi. Hata hivyo kasi haisemi yote. Dubstep hupigwa kwa nusu mwendo, kiasi kwamba mwili huisikia kama 70, nzito na ya kujivuta, ilhali techno ya 140 hiyohiyo humsukuma mchezaji bila kumpa nafasi ya kupumua. Gqom, mtindo wa Durban, Afrika Kusini, huuvunja mdundo mahali ambapo house ingegonga ngoma ya besi kwenye kila pigo. Aliyekuja kucheza house akakutana na gqom, miguu yake itamwambia tofauti kabla ya mtu yeyote kumweleza. Neno moja kwenye tangazo la usiku linabeba habari hizo zote.

Kazi ya pili ndiyo inayonigusa zaidi, na mfano wake mkubwa uko Detroit. Mwaka 1988, Neil Rushton, DJ wa Birmingham, alikuwa akiandaa mkusanyiko wa nyimbo za vijana wa Detroit akishirikiana na Derrick May, mmoja wao, utolewe Uingereza na lebo ya 10 Records iliyokuwa chini ya kampuni ya Virgin. Jina lililokuwa limeandaliwa lilikuwa "The House Sound of Detroit". Kibiashara lilieleweka, maana house ya Chicago ilikuwa imeshafika namba moja kwenye chati za Uingereza mwaka uliotangulia, kwa wimbo wa Steve "Silk" Hurley. Kisha Juan Atkins, mwingine wa vijana hao, akaleta wimbo wake, "Techno Music", na mkusanyiko ukatoka kwa jina "Techno! The New Dance Sound of Detroit".

Mwenye kutilia shaka atasema hiyo ilikuwa mbinu ya mauzo. Atakuwa na hoja: "Big Fun" ya Inner City, kundi la Kevin Saunderson, imo kwenye mkusanyiko huo, na ungeipiga katikati ya usiku wa house bila mtu kushtuka. Ila neno lenyewe halikutoka dukani. Atkins alikuwa amelitumia tangu 1984, kundi lake la Cybotron lilipotoa "Techno City", na chimbuko lake ni maandishi aliyokuwa akiyasoma ya Alvin Toffler, mwandishi wa Marekani aliyeandika juu ya teknolojia na mustakabali. Walichofanya Waingereza ni kulichapa kwenye jalada.

Sasa ondoa jina hilo uone kinachobaki. Detroit ingekuwa kitongoji cha Chicago kwenye ramani ya muziki. Baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, klabu ya Tresor ilifunguliwa mjini humo mwaka 1991 na lebo yake ikatoa kazi za watu wa Detroit. Machi 2024 Ujerumani iliingiza techno ya Berlin kwenye orodha yake ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Berlin inastahili. Lakini kila anayelitamka neno techno anatamka neno lililochaguliwa na kijana Mweusi wa Michigan, jimbo la Detroit, na anayelifuatilia hadi mwanzo wake atafika kwake, apende asipende. Lingekuwa "muziki wa dansi" tu, nani angekumbuka kuuliza?

Upande wa pili una hoja moja nzito kuliko zote, nayo si kero ya wageni. Jina linaweza kutumika kukufungia mlango. Kuanzia 2005 polisi wa London waliwataka waandaaji wa maonyesho kujaza Fomu 696, iliyouliza aina ya muziki, na katika toleo lake la mwanzo hata kabila la wahudhuriaji. Wasanii wa grime, mtindo wa kufoka uliozaliwa London, walilalamika kwa miaka mingi kabla ya fomu hiyo kufutwa mwaka 2017. Hapo jina la mtindo liligeuzwa kuwa alama ya kushukiwa, na hilo siwezi kulipunguza uzito. Ila Uingereza hiyohiyo, katika sheria ya mwaka 1994 dhidi ya mikesha ya dansi ya uwanjani, haikutaja mtindo wowote. Iliueleza muziki huo kwa mapigo yake yanayojirudia, ikawapa polisi mamlaka ya kutawanya watu. Anayetaka kuzima muziki hakosi maneno, na maneno ya jumla humfikisha mbali zaidi.

Si kila jina linastahili kutetewa. "Intelligent dance music", yaani muziki wa dansi wenye akili, lililoenea miaka ya 1990, linamaanisha kwamba wanaocheza muziki mwingine hawana akili, na lingeachwa lingekuwa jambo jema. Kipimo changu ni nani alianza kulitamka: waliokuwa ndani ya muziki, au waliousimamia kutoka nje? Dubstep ililelewa na watu wa duka la santuri la Big Apple, Croydon, waliokuwa wakijaribu nyimbo zao klabuni wiki baada ya wiki. Visanduku vya mitindo ambavyo maduka ya muziki ya mtandaoni hupangia nyimbo vina asili nyingine. Humlazimisha mtayarishaji achague kwenye orodha iliyokwisha kupangwa, na anayesimama kati ya mitindo miwili hupotea. Hapo walalamikaji wako sawa kabisa, na dawa yake ni maduka kumwachia mtayarishaji aandike mwenyewe jina la anachokipiga, na mji alikokitoa.