Tamasha la usiku Chake lisije na jukwaa

Kila yanapotajwa matamasha, Mpemba huambiwa apande boti. Sauti za Busara, tamasha la muziki, inafanyika Mji Mkongwe tangu 2004, tamasha la filamu la nchi za jahazi nalo liko huko huko Unguja, na sisi wa huku tunangojea vipande vya video kwenye simu siku ya pili yake. Kwa hiyo nawaelewa vijana wa mji wetu wa Chake Chake, hapa Pemba, wanaotaka na sisi tuwe na usiku wetu wa sanaa. Nawaunga mkono. Ninachogombana nao ni ile picha waliyonayo kichwani: jukwaa kubwa uwanja wa Gombani, msanii wa bongofleva kutoka Dar es Salaam, geti, tiketi, na spika za kuwaamsha watoto mpaka Wawi.

Mimi nataka barabara kuu ya Chake ifungwe kwa magari baada ya sala ya Isha, usiku mmoja kwa mwaka, sanaa ishuke njiani na mtu asilipe kiingilio.

Sababu ya kwanza ni ngoma zenyewe. Chukua kibati. Kibati ni majibizano. Mtu anatunga papo kwa papo, maneno yanakwenda mbio na ngoma, na mwenzake hapewi muda wa kufikiri. Utamu wake ni kusikia kila neno, na kumwona yule anayetaniwa anavyojizuia asicheke. Wapandishe jukwaani, uwaweke watu hatua hamsini mbali, maiki inalia miluzi, utakachobaki nacho ni kelele. Msewe nao umepata jina kwa kile kinachofungwa miguuni mwa wachezaji, ili kila hatua itoe mlio wake. Mlio huo ni sehemu ya muziki, na anayeufaidi ni aliyesimama karibu, si aliye nyuma ya uzio. Kirumbizi ndiyo kabisa: wanaume wawili na bakora zao, watu wamewazunguka, mmoja akichoka anaingia mwingine aliyekuwa anatazama tu dakika moja iliyopita. Ukiweka jukwaa umeshamfungia mlango huyo wa tatu.

Ngoma hizi tunaziona, lakini tunaziona wapi? Kwenye sherehe za viongozi. Dakika chache mbele ya mgeni rasmi, sare mpya, makofi, kikundi kinaondolewa ili hotuba zianze. Mtoto wa Chake anakua akijua kwamba ngoma ya kwao ni kitu cha kupitishia muda mpaka mheshimiwa afike. Hilo linaniuma kuliko kukosa tamasha.

Na mji wetu unafaa. Chake ipo juu ya kilima, barabara yake kuu si pana, maduka yamebanana huku na huku, na mbele ya maduka kuna vibaraza vya kukalia. Funga njia hiyo, umeshapata ukumbi bila kumlipa mkandarasi. Pale Ngome Kongwe, penye makumbusho, wakae washairi. Tibirinzi, ambako watoto wamezoea kupelekwa sikukuu, pabaki pao na michezo yao. Beni, ile ngoma ya matarumbeta, ikiwepo, ipite katikati ikitembea, maana beni iliyosimama imepoteza nusu ya raha yake. Bora zaidi kila mtaa ujitokeze na chake: Machomane, Madungu, Msingini. Ushindani wa mitaa tunao tayari kwenye mpira, na tukiupeleka kwenye kibati hapatalalika.

Najua watakachosema wazee wangu, na si haki kukipuuza. Usiku, ngoma, wanaume na wanawake njia moja: wao wanaona uhuni unabisha hodi. Lakini kukesha si jambo geni Pemba. Maulidi yanasomwa usiku, zikri inapigwa usiku, harusi ndiyo usiseme, na hakuna anayeuliza kwa nini watu hawajalala. Tofauti ni kwamba huko kuna wenyewe. Ukikosea, yupo mtu mzima wa kukwambia, "Mwanangu, sivyo." Kwa hiyo masheha, viongozi wetu wa mitaa, na maustadhi wa vyuo vya Kurani wawemo kwenye kamati siku ya kwanza, badala ya kukumbukwa siku ya mwisho waje kuomba dua. Ianze saa mbili, watu wameshasali, na ikifika saa sita ngoma zinyamaze. Watoto wa vyuoni wapewe nafasi yao ya dufu na kasida, na inapofika zamu yao wengine wapumzike. Ramadhani haihitaji hata kujadiliwa.

Kina mama wengi hawatacheza njiani mbele ya watu, na asiwepo wa kuwashawishi. Wapewe ua wa skuli, mlango waushike wenyewe, waimbe na wacheze wanavyojua. (Sisi wanaume tutasimama nje ya ukuta kusikiliza, kama tunavyofanya harusini na kujifanya tunapita.)

Kuna jambo jengine ambalo vijana hawalikumbuki. Umeme wa uhakika umefika Pemba 2010 tu, waya wa chini ya bahari ulipovutwa kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na giza lilikuwa mwenyeji. Watu walizoea kufunga biashara jua likizama. Giza likaondoka, mazoea yakabaki: nenda barabara kuu saa tatu usiku wa kawaida utamkuta muuza kahawa, muuza chipsi na vijana wawili watatu wanaoinamia simu. Umeme tumeupata, tukautia kwenye televisheni.

Wanaotaka mfano wa mbali, upo. Australia walikuwa na usiku wa sanaa wa mitaani, White Night, ulioanza Melbourne 2013. Mwaka 2017 wakaupeleka Ballarat, mji mdogo zaidi, uliotajirika zamani kwa dhahabu, na majengo ya enzi hiyo yakamulikwa kwa picha za rangi. Zile taa kubwa waachiwe wenyewe, ni ghali na zinatufanya sote watazamaji. Mimi navutiwa na ule uamuzi wa kuutoa usiku kwenye jiji kubwa na kuupeleka mji mdogo. Mji wa karafuu una haki hiyo hiyo.

Fedha? Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa kukosa fedha, ikarudi 2017. Kama tamasha lenye jina lile linaweza kukwama mwaka mzima, letu lisitegemee mdhamini mmoja mwenye bango. Wenye maduka ya barabara kuu wachangie kwa sababu wao ndio watakaouza. Wauza pweza, mishkaki, urojo na halua walipie nafasi zao, kiasi kidogo. Vibali vya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, polisi na Baraza la Mji ni kazi ya barua na subira, ziandikwe mapema.

Tarehe wasiipange katika masika, mvua itatufukuza. Wangoje karafuu zimeshauzwa na watu wana chochote mfukoni, kisha watazame mwezi: kumi na tatu, kumi na nne au kumi na tano, ili umeme ukikatika mtu asione sababu ya kwenda kwao.

Lakini senti ya kwanza itakayopatikana isiende kwa mwimbaji wala kwa fundi wa spika. Iende kwa madereva. Wapemba walio wengi hawakai Chake, wanakuja Chake, kwa gari ya 606 kutoka Wete, 603 kutoka Mkoani, 602 kutoka Konde, na usiku ukiingia gari hizo huwa zimeshalala. Wenye gari walipwe wawangoje abiria wao mpaka saa sita na nusu, nauli ile ile ya mchana, na jambo hilo litangazwe kabla ya jina la msanii yeyote. Mtu wa Konde akijua gari ya kurudi ipo, atakuja na mkewe na wanawe na jirani. Asipojua, tutabaki sisi wa Machomane na Msingini, tunapigiana makofi wenyewe kwa wenyewe.