Ukimaliza zimwi la kwanza, anza la pili

Kuna vijana wananiuliza sana hili vazi langu la zimwi la kenge nimelifanyaje mpaka macho yanawaka na taya inafunguka, na jibu langu ni lile lile, achana na taya kwanza, vaa hilo ulilonalo uzunguke nalo mtaani nusu saa halafu ndo tuongee. Picha inadanganya jamani. Vazi linatoka kali kwenye simu kumbe aliyeko ndani haoni, hapumui, mkia unamvuta nyuma kila akipiga hatua, na hayo hutayajua mpaka umelivaa.

Hata Wajapani walivyotengeneza filamu ya lile zimwi lao Godzilla mwaka 1954 vazi la kwanza lilikuwa zito na gumu mpaka Haruo Nakajima, yule aliyekuwa anaingia ndani, alikuwa anashindwa kutembea nalo, ikabidi walikate katikati walitumie kwa picha za kipande cha mwili tu na watengeneze jingine. Filamu ya mwaka uliofuata wakamtengenezea jipya, jepesi zaidi, la kufuata mwili wake. Na hao walikuwa na studio nzima! Sasa wewe uko sebuleni na kisu na gundi, kwa nini unataka la kwanza litoke limekamilika?

Maboksi na magazeti na uji wa ngano sio ya kudharau, hapo ndo unajifunza umbo. Ukishazoea hamia kwenye ile mikeka ya foam ya watoto, ukiipitishia joto inakunja unavyotaka na ikipoa inabaki hivyo hivyo. Gundi ni ya fundi viatu, paka pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa haikamati kidole ndo ubandike, na fungua madirisha maana ile harufu sio ya kuvuta. Vipimo usikisie, funga kichwa (acha pua na mdomo wazi kabisa) na plastiki ya kufungia chakula, juu yake zungusha selotepu, chora mistari, mtu akukatie taratibu kwa nyuma, ukikifungua unapata ramani ya kichwa chako mwenyewe, na hiyo utaitumia kwa kila zimwi litakalofuata.

Ila kitu kilichonibadilisha zaidi nimekitoa kwa Wamakonde. Angalia kinyago cha mapiko (ngoma yao ya vinyago), kinaingia kichwa kizima, kimechongwa kwa mti mwepesi, na mchezaji anaona kupitia mdomo wa kinyago, sio macho! Yaani wazee walishalimaliza hilo tatizo zamani na sisi tunahangaika kutoboa macho. Ukishahamisha pa kuonea ukapaweka mdomoni, macho ya zimwi yanakuwa huru, yaweke pembeni, yafanye makubwa, tia taa. Mdomoni weka neti ya dirisha uipake rangi nyeusi, wewe unaona nje na wao hawakuoni. Halafu kafeni kadogo ka kuchomeka kwenye pawabenki, kwa joto la Dar bila hako utatoka umeloa.

Ushauri wangu mwingine, la zamani usikae unalikarabati miezi. Ng'oa zipu, mikanda na manyoya (manyoya mimi natoa kwenye makoti ya mitumba), anza jipya, na kwenye hilo jipya chagua kitu kimoja tu cha kuboresha. Ukitaka kuona vizuri na kupumua vizuri na mkia mzuri vyote kwa mkupuo utachoka na utaacha.

Mimi sasa hivi nimeshika fisi na kinachonisumbua ni mgongo. Fisi mbele yuko juu nyuma kashuka, binadamu akiinama kwa mikono na miguu inakuwa kinyume, makalio juu, kwa hiyo lazima mikono irefushwe. Najaribu mabomba ya maji ya plastiki yenye kishikio ndani na raba ya tairi chini yasiteleze, kwenye vigae bado yanateleza kidogo ila kwenye mchanga yanakaa vizuri sana.