Sijasoma, kwa hiyo niko chama gani?

Mbeya hii ukitaka kujua uko chama gani usihangaike kwenda ofisi ya chama, we njoo tu kijiweni Mwanjelwa asubuhi, baridi linauma mpaka meno, shika kikombe chako cha kahawa ukae, yupo mzee mmoja atakuangalia viatu, ataangalia bajaji yako ilivyo, alafu anakupangia chama bure kabisa.

Mimi ananiambiaga "nyie madogo wa bajaji", na mi mvi zimeshaanza huku pembeni. "Nyie madogo wa bajaji wote wapinzani, hamjasoma, hela hamna, mnafuata kelele tu."

Nikamwambia shikamoo mzee, akasema marahaba, nikamwambia mzee wangu kwani asiyesoma lazima awe mpinzani? Hapo ndo nilikosea kuuliza maana mzee akaweka kikombe chini. Akaanza na 1991, Tume ya Jaji Nyalali ilivyozunguka nchi nzima kuuliza watu mnataka chama kimoja au vingi, kama asilimia 80 wakasema tubaki na kimoja, 20 wakataka vingi, na 1992 vikaletwa vingi. (Ishirini ikaishinda themanini, hesabu hiyo hata division four yangu inaikataa.) Yeye anasema wale ishirini walikuwa wasomi wa mjini na wale themanini wananchi wa kawaida wenye akili zao. Hilo la wasomi nahisi kaongezea sukari mwenyewe. Lakini hata tukimkubalia, mzee si umejifunga? 1991 sisi tusiosoma tulikuwa tunataka chama tawala peke yake, leo sisi haohao tusiosoma ndo wapinzani, tulihama saa ngapi na nani alitubeba? Mzee akaagiza kashata.

Na hesabu zake zinagoma hapahapa mjini. 2010 Mbeya Mjini ilimpa ubunge Sugu wa Chadema, msanii wa hiphop, 2015 ikampa tena, 2020 akatangazwa Dk. Tulia Ackson wa CCM, daktari wa sheria kabisa yule. Sasa naomba kuuliza, kati ya 2015 na 2020 sisi wa Mwanjelwa tulipewa digrii usiku tumelala? Au mifuko ilinona? Mi wangu naukumbuka, ulikuwa na risiti za spea. Iringa nako Mchungaji Msigwa alikuwa mbunge wa Chadema vipindi viwili, 2024 kahamia CCM, na shule aliyosoma ni ileile.

Nyumbani kwangu ndo usiseme. Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, ana digrii ya ualimu, historia na jiografia, kamaliza siku nyingi anasubiri ajira, na anasubiri akiwa anakula. Ana bahasha yake ya kaki iko juu ya kabati, mtoto akiigusa anapigwa macho. Siku moja kaimwaga kitandani anatafuta kitu nikaona, cheti cha kuzaliwa, cha fom foo, cha fom siksi, transkripti, vyote kavipiga lamineshini vinang'aa kama vioo, na katikati hapo, kati ya transkripti na barua ya mtendaji, kadi ya chama, nayo kaipiga lamineshini! Nikamwambia shem, tuko wawili tu humu ndani, kwa moyo kabisa we uko wapi? Akaangalia mlango kwanza. Akasema, "Shem, ngoja kwanza niitwe usaili."

Jirani yetu mwalimu yeye ajira anayo, na mkopo wa chuo anao, sheria ilibadilishwa 2016 makato yakatoka asilimia 8 yakaenda 15 ya mshahara, basi huyu mwalimu mwisho wa mwezi akishika salari slipu ni mpinzani ambaye hata wapinzani wenyewe wanamwogopa, anaongea mpaka kuku wanakimbia. Ukimfuata kesho yake ukamwambia mwalimu ile pointi ya jana rudia tuwasikilizishe wenzetu, anakwambia mimi mtumishi wa umma sina chama.

Alafu kuna mwenye nyumba. Darasa la saba, na sidhani kama alikuwa anahudhuria sana, ila ana mashamba ya viazi na Fuso yake, hela anayo mpaka anasahau ameiweka wapi. Huyu mzee wa kijiweni angempanga wapi? Sebuleni kwake kuna kalenda za vyama zimepangwa ukutani kama picha za wajukuu, na wakati wa kampeni Fuso yake Jumamosi inapeleka watu wa kijani mkutanoni, Jumapili inapeleka wa gwanda, Jumatatu inarudi kwenye viazi na vipande vya bendera mbilimbili vimening'inia kwenye kamba za turubai. Nikamuuliza baba mwenye nyumba we mwenyewe unampa nani? Akacheka tu, akanikumbusha kodi.

Sasa juzi nikapakia mwanachuo kutoka Kabwe kwenda Iyunga. Tumekwama kwenye vumbi la barabara hii ya njia nne, akachomoa simu, "kaka samahani, nafanya utafiti, elimu yako?" Fom foo. "Kipato kwa siku?" Inategemea trafiki wameamkaje. Akabonyeza bonyeza akasema kwa vigezo hivi wewe ni chama tawala. Mwe! Asubuhi mpinzani kwa sababu sijasoma, saa tano chama tawala kwa sababu sijasoma, na mafuta ni yaleyale ya asubuhi.

Akanipa shule sasa. Eti Marekani zamani wenye digrii ndo walikuwa Republican na vibarua wa viwandani Democrats, siku hizi wenye digrii wamehamia Democrats, na 2016 Trump alivyoshinda mchujo wa Nevada akasema hadharani anawapenda wenye elimu ndogo. (Mi wa kwetu wananipenda pia, ila mwezi mmoja tu kila miaka mitano, na fulana juu.) Uingereza kuna sehemu inaitwa Bolsover, wachimba makaa ya mawe, walikuwa Labour, chama cha siasa cha wafanyakazi, tangu 1950, 2019 wakawapa wahafidhina. Na kuna mchumi Mfaransa anaitwa Piketty kachambua kura za miaka mingi akaona vyama vya siasa kama hao Labour, vilivyokuwa vya wafanyakazi, vimekuwa vya wenye vyeti, wenye hela wengi wamebaki upande wao uleule.

Nikamwambia subiri mdogo wangu, kwa hiyo huko mwenye vyeti na mwenye hela ni watu wawili tofauti? Akasema mara nyingi ndiyo. Aah, sasa hiyo si ni shemeji na mwenye nyumba! Wamepita Ufaransa yote kutafuta kitu kiko kwenye korido yetu.

"Sasa huku kwetu," akaendelea, "chama tawala nguvu yake kubwa iko vijijini, ambako shule na hela ni kidogo, upinzani ukatamba zaidi mijini." Nikamwambia hapo sawa, hata mama mkwe wangu Rungwe na parachichi zake huwezi kumwambia kitu kuhusu kijani. Lakini mimi sijasoma, sina hela, na naishi mjini, unaniweka wapi?

Akakaa kimya mpaka tukapita matuta.

"Kaka, wewe unanichafulia data."

Tumefika, akatoa mia tano. Nauli elfu. Akasema mwanafunzi nusu. Nikamwambia hiyo ya daladala, tena kwa waliovaa sare, wewe una ndevu. Akajipapasa mfuko wa mbele, wa nyuma, wa begi, akapata mia mbili nyingine, akanipa, alafu bila aibu akafungua tena ile fomu yake, "kaka, kile kipato cha kwa siku, niandike kabla ya hii safari au baada?"