Jaguar E-Type na Honda NSX: Nani Alisema Gari Zuri Lazima Litese?

Ukiwaweka wapenzi wa magari ya kale mbele ya Jaguar E-Type ya Uingereza na Honda NSX ya Japani, hukumu hutoka kabla ya hoja: E-Type ina roho, NSX ni mashine tu. Maneno hayo yamerudiwa mno hata hakuna anayeyadai ushahidi.

E-Type haikosi watetezi. Ilipozinduliwa Geneva Machi 1961 ilikuja na injini ya lita 3.8, breki za diski kwenye magurudumu yote manne na bei iliyokaribia nusu ya Aston Martin DB4, gari jingine la kifahari la Uingereza. Umbo lake lilitoka kwa Malcolm Sayer, mtaalamu aliyekuwa ametengeneza ndege na kukokotoa mikunjo ya bodi kwa hesabu. Ni gari zuri kupita kiasi, nani atabisha? Lakini ahadi ya maili 150 kwa saa ilifikiwa na magari yaliyoandaliwa kwa ajili ya waandishi wa habari, si yale aliyouziwa mteja wa kawaida. Gia ya kwanza ya zile za mwanzo haikuwa na sinkromeshi, yaani kifaa kinacholainisha kuingiza gia, na kwenye foleni injini huchemka. Mapungufu haya huitwa tabia. Gari la Kijapani likiwa nayo, yangeitwa ubovu.

Honda ilionyesha NSX Chicago mwaka 1989 na kuanza kuiuza mwaka uliofuata. Lilikuwa gari la kwanza kuuzwa kwa umma likiwa na bodi nzima ya alumini inayojibeba yenyewe. Injini yake ya V6 (silinda sita), lita 3.0, imekaa nyuma ya dereva, ina konrodi (fito zinazounganisha pistoni na kranki) za titani na huzunguka hadi mara 8,000 kwa dakika. Dereva wa Formula 1 Ayrton Senna alipoijaribu kwenye uwanja wa mbio wa Suzuka, Japani, ikiwa bado kwenye majaribio, aliwaambia wahandisi kwamba inaonekana dhaifu. Wakairudia na kuikaza. Mbunifu wa magari Gordon Murray naye, alipokuwa akibuni gari la kasi la McLaren F1, aliifanya NSX kipimo chake cha namna gari linavyopaswa kuendeshwa. Huo wepesi unaodharauliwa, yaani kuona vizuri pande zote, klachi isiyouchosha mguu, injini isiyolalamika asubuhi, ulitafutwa kwa jasho.

Halafu kuna suala la uadimu, ambalo hunishangaza kila mara. E-Type zilizotengenezwa hadi 1974 ni zaidi ya 72,000. NSX za kizazi cha kwanza, hadi 2005, ni takriban 18,000. Kwa kila NSX moja kulikuwa na E-Type nne, na bado E-Type ndiyo inayotazamwa kama johari huku NSX ikiitwa “Honda tu”. Kweli, kutu imezila E-Type nyingi, na zile za miezi ya mwanzo ya 1961 ni chache mno. Lakini hoja ya kutu inairudia E-Type yenyewe, maana bodi ya NSX haili kutu kama chuma.

Kuna mahali Jaguar inashinda bila ubishi: vipuri. Karibu kila kitu chake, hadi bodi, bado kinatengenezwa upya, na fundi mwenye spana na subira ataifufua. NSX iliyogongwa inahitaji fundi anayejua kuchomelea alumini, na vifaa vyake vya umeme vinazeeka. Mambo haya mtu ayafikirie kabla ya kutoa fedha.

Anayetaka gari la kutazama, achukue E-Type ya lita 4.2 ya kuanzia 1964, ambayo angalau giaboksi yake ilirekebishwa. Anayetaka kuendesha, atafute NSX ya gia za mkono ya miaka ya mwanzo, isiyo na pawa ya usukani. Ndani ya hiyo, barabara huisikia mikononi, na hapo ndipo wale wa “mashine tu” hunyamaza.