Hajaokota dodo chini ya mwarobaini

Kuna makala mwandishi wake anasema huyu binti wa Kharkiv, Ukraine, mcheza badminton Polina Buhrova, umaarufu umemjia tu ghafla baada ya kucheza Olimpiki ya Paris 2024, yaani kama kaokota dodo chini ya mwarobaini, hapo nakataa kabisa. Ile nafasi ilisakwa mwaka mzima, Mei 2023 mpaka Aprili 2024, wachezaji wanazunguka nchi hadi nchi kusaka pointi za kufuzu, na kumbukeni anga la Ukraine limefungwa tangu Februari 2022, hakuna ndege ya abiria, ukianzia safari nyumbani ni treni au basi hadi uvuke mpaka ndo utafute ndege, unafika huko miguu imevimba halafu unaingia uwanjani kukimbizana mpaka pointi 21. Mimi nacheza vinyoya, yaani hiyo badminton, kila Jumapili na washkaji, kile kinyoya tunachopiga kina manyoya 16 tu, moja likikatika kinayumba hewani kama mlevi wa saa nane usiku, unatupa unachukua kingine, na bei ya boksi moja naijua inavyouma, sasa Polina anamaliza maboksi mangapi kwa wiki? Halafu kabla yake Maria Ulitina, Mukraine mwenzake, alicheza badminton Olimpiki ya Rio 2016, nani alihangaika kumwandika? Ukraine haijawahi kupata medali ya Olimpiki kwenye badminton ndo maana wanakumbukwa kila baada ya miaka minne, huku bondia wao Usyk akikunja ngumi tu dunia nzima inajua. Hivi wadau, kabla ya Paris kuna yeyote humu alishawahi kumwona Polina akicheza, hata kipande kwenye simu?