Kamera kutikisika si umaskini

Kuna mwandishi mmoja anayesema kamera inatikisika kwenye filamu za Uganda kwa sababu watengenezaji hawana pesa za stendi. Hapo ndugu yangu umepotea njia. Mwaka 1995 kule Denmark, waongozaji filamu Lars von Trier na Thomas Vinterberg waliweka kanuni za kutengeneza filamu zilizoitwa Dogme 95, mojawapo ikidai kamera ishikwe mkononi. Hao nao walikosa stendi? Na mwaka 1960 kikosi cha Robert Drew, mtengenezaji wa filamu za hali halisi wa Marekani, kilibeba kamera begani kikamfuata John F. Kennedy, aliyekuwa akiwania urais, katikati ya umati wa kampeni. Mtazamaji akajiona anasukumana nao.

Mimi napiga video za harusi hapa Kampala. Kamera ikiwa begani inapumua pamoja nawe. Bibi harusi akianza kulia nasogea hatua moja, magoti nimeyalegeza, kiwiko nimekibana ubavuni, lenzi nimeiacha pana. Ukivuta zumu ukiwa umesimama mbali, kila pumzi yako inakuwa tetemeko la ardhi. Hilo ndilo kosa la wengi, wala halihusiani na mfuko.

Kule Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala ambako kina Nabwana wanatengeneza filamu za mapigano, ngumi zikianza kamera nayo imo vitani. Nani atataka itulie?

Nakubali jambo moja tu: watu wawili wamekaa wanakunywa chai, kamera inayumba ya nini? Lakini hawa vijana wa gimbali, kile kifaa cha kutuliza kamera, nao wamezidi. Kila picha inateleza kama mtumbwi ziwani, hata mke na mume wakirushiana sahani.