Farasi walipanda behewa la mwisho

Huko kaskazini mwa Wales, kuanzia mwaka 1836, farasi walikuwa abiria wa treni. Sisemi walipakiwa kama ng'ombe wa mnadani, la. Hao walikuwa na behewa lao. Kazi yao ilikuwa kuvuta mabehewa matupu kutoka bandari ya Porthmadog hadi machimbo ya Blaenau Ffestiniog, wakipokezana njiani, kilomita 22 hivi za kupanda mlima, na safari ilikula karibu saa 6. Kule juu mabehewa yakishajazwa mawe, farasi aliingia mkiani mwa msafara, akakuta nyasi zake, breki zikalegezwa, na msafara mzima ukaanza kuteremka wenyewe kuelekea baharini, yeye akitafuna. Injini hakuna. Waliopima njia ile waliilaza ubavuni mwa mlima kwa mteremko mwanana, kama mita 1 kwa kila mita 80, ili uzito wa mawe uwe ndio nguvu ya kuyashusha. Watu wa breki walikaa juu ya mzigo, na shughuli yao yote ilikuwa kuizuia treni isije ikakimbia.

Upana wa reli hiyo ni milimita 597. Chukua rula ya mwanafunzi, ile ya sentimita 30, ilaze mara mbili sakafuni. Umeshapitiliza kwa milimita 3.

Nayasema haya kwa sababu kila mjadala wa SGR, ile reli yetu mpya ya upana wa kawaida, unapoanza, kwenye matatu au kwenye baraza ya kahawa, haukosi mtu wa kusema kwamba Mwingereza alitujengea reli nyembamba kwa dharau: kwao alitandika pana, kwetu akatuwekea ya kuchezea. Mkoloni ana madhambi yake na mimi si wakili wake. Lakini hili la upana sitamwandikia. Reli ya zamani ya Mombasa ina upana wa mita 1 kamili. Ile ya Ffestiniog, iliyo mlangoni kwake, inaingia ndani ya yetu na nafasi inabaki.

Sababu ya wembamba ilikuwa jiwe lenyewe na mlima wenyewe. Jiwe la Blaenau ni la kijivu cha bluu, na fundi akiligonga kwa patasi pembeni linachanuka mabamba membamba kama kurasa. Ndilo lililoezeka nyumba nyingi za miji ya viwanda ya karne ya 19. Ndani ya machimbo vilikuwako tayari vijireli vya mikokoteni, vya upana ambao farasi mmoja anaweza kutembea katikati yake. Kwa nini upakue na kupakia upya ukifika nje? Wakaunyoosha upana ule ule hadi baharini. Tena mlima wa Wales haukupi nafasi: kila kona ni jabali upande huu na korongo upande ule, na reli nyembamba inakunja kona kali ambayo ile pana ingeomba handaki. Hata hivyo handaki moja la kupita mlima Moelwyn halikuepukika. Lilikamilika mwaka 1842.

Kisha ukaja mvuke. Wataalamu wengi walishikilia kwamba injini ya moshi haiwezi kufanya kazi ya maana juu ya reli isiyofika sentimita 60. Charles Easton Spooner, meneja wa reli, mtoto wa James Spooner aliyeipima njia, hakuwasikiliza. Mwaka 1863 zikafika injini za kwanza kutoka kiwanda cha George England cha London, na mwaka 1865 reli ikaanza rasmi kubeba abiria. Mizigo ikaongezeka kuliko injini. Spooner angeweza kuweka njia ya pili sambamba na ya kwanza, gharama ambayo ingewafilisi. Badala yake alimwendea mhandisi Robert Fairlie.

Huyu Fairlie, Mskoti, lazima nimsimulie. Miaka michache nyuma alikuwa amemtorosha binti wa huyo huyo George England wakaoana. Baba akampeleka mahakamani kwa kula kiapo cha uongo, maana bwana harusi aliapa kwamba baba ameridhia. Siku ya kesi wakili akamgeukia England: na wewe, mama wa binti huyu ni mkeo wa ndoa? Mzee akabanwa mpaka akakiri kwamba siyo. Kwa sheria ya wakati ule mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa si mtoto wa mtu, basi hapakuwa na baba wa kuombwa ridhaa, na kesi ikafa palepale. Ajabu ni kwamba mwaka 1869 injini ya Fairlie kwa ajili ya Ffestiniog iliundwa katika kiwanda kile kile cha mkwe. Ikaitwa Little Wonder.

Ni injini mbili zilizogeuziana migongo. Tanuru liko katikati, matangi mawili ya kuchemshia maji yanatoka huku na huku, bomba la moshi kila upande, na magurudumu yamefungwa juu ya vigari viwili vinavyogeuka, kila kimoja kikifuata kona yake. Dereva anasimama ubavu mmoja wa tanuru, mtia makaa ubavu wa pili, wala hawapishani. Mapema mwaka 1870 Spooner na Fairlie walialika wageni waje kuitazama ikifanya kazi, wakiwamo wajumbe waliotumwa kutoka Urusi. Kuanzia hapo neno likaenea duniani: reli nyembamba si mchezo. Wanorwe walishalijua, maana mhandisi wao Carl Abraham Pihl alikwisha kutandika ya milimita 1067 mwanzoni mwa miaka ya 1860.

Wakati huo huo serikali ya India chini ya Lord Mayo ilikuwa ikibishana juu ya upana wa reli zake za bei nafuu. Walifikia futi 3 na inchi 3, kisha wakaisogeza kidogo iwe mita 1 sawasawa, kwa kuwa India ilitarajiwa kuingia katika vipimo vya mita. Matarajio hayo hayakutimia wakati ule, lakini reli ilikwisha kutandikwa. Mwaka 1896 ujenzi ulipoanza Mombasa, upana, vifaa na mafundi vilivuka bahari kutoka India. Ndiyo maana watu wa futi na inchi walituachia reli ya mita.

Babu yangu alikuwa kwenye genge la reli upande wa Voi, akikaa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na familia yake. Alikuwa na chuma cha kupimia upana, kirefu, chenye vidole viwili chini. Akikilaza juu ya reli mbili kikakaa, anapiga hatua anasonga mbele. Kikigoma, anaita watu wa nyundo. Siku nzima hiyo ndiyo kazi, taruma baada ya taruma, kwenye jua la Taru. Sikumsikia hata mara moja akiiita reli yake nyembamba. Aliiita njia.

Sasa nisije nikaonekana nimelewa moshi wa Wales. Fedha zilizofungua machimbo ya kaskazini mwa Wales hazikuwa safi zote. Reli ya machimbo ya Penrhyn, iliyofunguliwa mwaka 1801, ilikuwa ya Richard Pennant, tajiri aliyekuwa na mashamba ya miwa na watumwa Jamaica, na ambaye bungeni alipinga kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Miaka mia baadaye wachimbaji wa Penrhyn waligoma kuanzia 1900 hadi 1903 wakidai haki ya kuwa na chama chao, wakarudi kazini kwa njaa. Watalii wanaokula aiskrimu kando ya injini nyekundu hawaambiwi sana hayo.

Na wale wa upande wa reli pana wana hoja moja nzito ambayo siwezi kuikwepa. Mwaka 1879 reli ya upana wa kawaida ya kampuni ya London and North Western ilitoboa mlima ikafika Blaenau yenyewe. Mwaka 1883 ikafika na Great Western. Kuanzia hapo jiwe lingeweza kuondoka na kwenda moja kwa moja hadi Birmingham au London, ilhali mzigo wa Ffestiniog uliotaka kuendelea bara ulipakuliwa pale Minffordd na kupakiwa upya kwenye mabehewa ya watu wengine, bamba kwa bamba, kwa mikono ya makuli. Kila kuli ni gharama, kila bamba lililovunjika ni hasara. Reli nyembamba haikufa kwa kuwa dhaifu. Ilidhoofika kwa sababu jirani zake wote walikuwa wapana. Anayejenga SGR leo ili mabehewa yavuke mipaka bila kupakuliwa ana akili, mradi mwenzake wa ng'ambo ya mpaka naye ajenge.

Mwisho wa reli ya Ffestiniog karibu uwe wa kuchekesha. Tarehe 1 Agosti 1946 treni zilisimama. Kampuni ilitaka kung'oa reli na kuuza chuma, lakini sheria ya Bunge ya mwaka 1832 iliyoiruhusu ijengwe haikuwa na kifungu cha kuifunga. Kuivunja kulihitaji sheria mpya, na sheria mpya ilihitaji pesa ambazo kampuni haikuwa nazo. Basi wakaacha kila kitu kilipo. Mabehewa yakabaki njiani, miti ikaota kati ya mataruma. Wanasheria wa 1832 waliiokoa reli kwa kusahau.

Karibu na hapo, kusini kidogo, Sir Henry Haydn Jones alikuwa ameiendesha reli ya Talyllyn kwa hasara, kwa kuwa aliahidi kwamba haitafungwa akiwa hai. Alifariki Julai 1950. Miezi mitatu baadaye watu walikutana kwenye hoteli moja Birmingham wakiongozwa na mhandisi Tom Rolt, na mwaka uliofuata wakaanza kuiendesha wenyewe, bila mshahara. Ilikuwa mara ya kwanza duniani reli kuchukuliwa na watu wa kujitolea. Mfanyabiashara Alan Pegler akafuata kwa Ffestiniog mwaka 1954, na mwaka 1955 treni ikavuka tena Cob, lile tuta la baharini lililojengwa na William Madocks likakamilika mwaka 1811.

Shirika la umeme likaja na jambo lake. Lilijenga bwawa Tanygrisiau na kuzamisha kipande cha njia. Mtu mwingine angesema basi. Wale wa kujitolea walidai fidia miaka mingi mahakamani, na huku wanadai, wanachimba. Kuanzia 1965 walikuja wikiendi, wanafunzi, makarani, walimu, wakavunja jabali na kusukuma vitoroli. Pale Dduallt, ili kupata kimo cha kulipita bwawa, waliizungusha njia hadi ikapita juu ya yenyewe, kama nyoka anayejivuka. Ilifika Blaenau mwaka 1982. Hakuna tajiri aliyepata faida hapo. Nadhani hilo ndilo lililonikaa rohoni kuliko injini zote, maana kwetu nimezoea kusikia kwamba reli ni ya serikali, na ikikauka nyasi zikaota, serikali ndiyo ya kulaumiwa, kisha tunanyanyuka barazani tunakwenda zetu.

Nilifika Porthmadog Agosti moja nilipokuwa nasoma Manchester. Nilikwenda kuangalia injini ya Fairlie, nikakuta kitu kingine. Stesheni ile ile inapokea pia reli ya Welsh Highland kutoka Caernarfon, kilomita 40, iliyokufa miaka ya 1930 ikajengwa upya na kukamilika mwaka 2011. Mabehewa yake yanavutwa na injini za Garratt, zilizokuja kutoka Afrika Kusini. Garratt ni mtoto wa kambo wa wazo la Fairlie: tangi moja nene katikati, limeninginia baina ya vigari viwili vya magurudumu, maji mbele, makaa nyuma. Ya kwanza kabisa, K1, iliundwa Manchester mwaka 1909 na Beyer Peacock kwa reli ya sentimita 61 ya Tasmania, nayo pia baadaye ilifika Wales. Kiwanda hicho hicho, mwaka 1955 na 1956, kiliunda Garratt 34 za daraja la 59 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, kila moja tani 250 hivi, zikapewa majina ya milima yetu. Hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu zaidi yao kwenye reli ya mita popote duniani. Na babu aliikaza njia waliyopita.

Mzee mmoja wa kujitolea, mikono imejaa grisi hadi kiwikoni, aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Voi. Akaweka spana chini.

"Mount Gelai bado ipo?"

Nikamwambia ipo, kwenye jumba la makumbusho ya reli, Nairobi.

"Inawaka?"

Nilimwambia kwamba mara ya mwisho nilipoigusa ilikuwa baridi, na watoto wa shule walikuwa wamejaa kwenye ngazi yake wakipiga picha. Akatikisa kichwa, akauliza kama watoto hao wanaruhusiwa kuingia ndani pale anaposimama dereva. Nikasema wanaruhusiwa. "Vizuri," akasema, akaokota spana yake.